Albamu Chini ya Boriti: Majibu kwa Wasomaji wa Lamu na Malindi

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa waimbaji wanaotunga wenyewe na kujipigia gitaa, na karibu wote wanataka kitu kimoja: albamu ya roki ya mizizi. Kwa asiyeijua, ni roki iliyoshika mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Marekani, pale wanamuziki walipochoshwa na madoido ya studio wakarudi kwenye bluzi, kantri na nyimbo za vijijini. Gitaa kavu linakaa mbele, besi na ngoma nyuma yake, na sauti ya mwimbaji inaachwa na mikwaruzo yake. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha. Yaliyouliza bei za vifaa tumeyaacha, maana bei hubadilika kabla gazeti halijavuka maji kutoka Mokowe kuja Lamu.

Chumba kinavuma

*Assalaam aleikum mafundi. Nyumba yetu ni ya mawe, ya kale, hapa Mkomani. Nataka kurekodia ndani, chumba kirefu chembamba, kuta za chokaa. Nikiimba, kwa masikio yangu ni tamu. Nikisikiliza nilichorekodi, sauti inalia kama pipa, na kwenye besi kuna nota moja inayovuma kuliko zote. Nibandike trei za mayai ukutani? — Msomaji, Lamu*

Waaleikum salaam. Trei za mayai waachie wauza mayai. Ni karatasi nyepesi. Zinagusa sauti nyembamba tu, na shida yako iko chini.

Upana wa vyumba vya nyumba hizi uliamuliwa na boriti. Mkoko haubebi dari la mawe kwa urefu wowote unaotaka, kwa hiyo vyumba vingi vina upana wa meta 2.5 hadi 3. Chukua futi ya kupimia, upate upana halisi. Tuseme ni meta 2.8. Kwenye joto letu sauti husafiri karibu meta 348 kwa sekunde. Gawanya kwa upana mara mbili, yaani 5.6, unapata hezi 62, yaani mitetemo 62 kwa sekunde. Hiyo ni nota ya B, na kwenye besi iko uzi wa A, freti ya 2. Wimbi lake linatosha kabisa baina ya kuta mbili, linagonga huku na kurudi kule, nota inajaa kabla wenzake hawajaamka. Piga besi freti moja moja, polepole, kwa nguvu ile ile, utaisikia.

Mvumo huo ni mkubwa ukutani na haupo kabisa katikati ya upana. Maiki ikiwa karibu na ukuta itazidisha. Ikiwa katikati kabisa nota hiyo itapotea, nalo ni kosa vilevile. Iweke theluthi ya upana, karibu sentimeta 90 kutoka ukuta mmoja. Dawa nyepesi zaidi kwa besi ni kuiacha nje ya chumba: ichomeke moja kwa moja kwenye intafesi (kile kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta), chumba kisipate nafasi ya kusema chochote.

Kuhusu sauti ya pipa, piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mtetemo wa haraka, "trrr", hizo ni kuta mbili za chokaa zinazotazamana. Inatosha kuziba upande mmoja. Simamisha godoro la sufi au la pamba, unene wa sentimeta 15, uache nafasi ya sentimeta 10 kati yake na ukuta. Hiyo hewa ya nyuma inafanya kazi karibu sawa na kuongeza unene. Mkeka wa ukindu ukutani haufanyi kitu. Zulia sakafuni ni jema, ila usizungushe mazulia chumba kizima: yatakula sauti nyembamba zote yaache mvumo wa chini ulivyo, ubaki na chumba kizito na kiziwi.

Kama ukuta wa ndani una zidaka, una bahati kubwa kuliko wenye studio za kukodi. Vile vishimo vya vina na upana mbalimbali huvunja sauti na kuitawanya badala ya kuirudisha nzima. Mkalishe mpiga gitaa akizitazama zidaka kwa umbali wa meta 2 hivi. Wako wanaozifunika kwa shuka wakidhani wanasaidia, wanajinyima. Ondoa tu vyombo vya kaure na vioo vilivyomo, maana hutetemeka na kulia wenyewe ngoma ikipigwa. Dari nalo liache lilivyo, boriti na mawe yake yasiyolingana yanatosha.

Kwa sauti ya kuimba, magodoro mawili yasimame nyuma ya mwimbaji kama pembe ya V. Nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki: maiki ya upande mmoja hutazama mwimbaji na kile kilicho mgongoni mwake. Mdomo uwe sentimeta 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki. Soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya, sentimeta 8 mbele ya maiki, inazuia pumzi za P na B.

Saa ya kurekodi

*Punda, jogoo, injini za boti, adhana, na feni ya dari. Tupate wapi kimya? — Vijana wa Shela*

Saa 3 usiku hadi saa 9 usiku. Isha imekwisha, alfajiri haijafika, boti nyingi zimefungwa. Mchana mna mwanya mzuri kati ya adhuhuri na alasiri, ila joto litawashinda, kwa sababu feni lazima izimwe wakati wa kurekodi. Izimeni kwa urefu wa wimbo mmoja, iwasheni mpumzike, mzime tena. Adhana haifutiki kwa programu yoyote, na haina mahali ndani ya wimbo wa mapenzi. Mwezi wa Ramadhani ratiba hii yote inapinduka kwa tarawehe na daku, ahirisheni.

Upepo wa kusi ukivuma, dirisha la upande wa bahari lizibwe kwa godoro, na maiki ilipe dirisha mgongo.

Gitaa limevimba

*Shikamooni. Gitaa langu la nyuzi za chuma nilinunua Nairobi, likiwa laini kabisa kulipiga. Sasa nyuzi zimepanda, vidole vinauma, na kila wimbo lazima nikaze upya. Fundi mmoja ameniambia nisage kile kimfupa cha darajani kipungue. — Mwimbaji, Mambrui*

Marahaba, mwanangu. Kimfupa usikiguse kwanza.

Gitaa hutengenezwa kwenye karakana yenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 50. Pwani mara nyingi ni zaidi ya 70. Mbao za uso wa gitaa hunywa unyevu huo, hupanuka kwa upana, na kwa kuwa pembeni zimegundishwa hazina pa kwenda ila juu. Uso unafanya tumbo nyuma ya daraja, daraja linapanda, nyuzi zinapanda nalo. Ukisaga kimfupa leo, siku utakayolipeleka gitaa penye hewa kavu uso utarudi chini na nyuzi zitagusa freti zikilia "zzz". Hapo utanunua kimfupa kipya.

Pima kabla ya kufanya lolote. Kwenye freti ya 12, kutoka kichwa cha freti hadi chini ya uzi: uzi mnene kabisa uwe milimita 2.5, mwembamba kabisa kati ya 1.8 na 2. Ukipata 3.5 na zaidi, likaushe. Legeza nyuzi kidogo, tia gitaa ndani ya kasha gumu linalofunga vizuri pamoja na gramu 300 za vidonge vya silika katika mifuko miwili ya kitambaa, mmoja chini ya kichwa cha gitaa, mmoja kando ya mwili. Weka na kipimo kidogo cha unyevu. Angalia kila baada ya siku 2. Kwa kawaida siku 10 hadi 14 zinatosha. Ukifika asilimia 50 toa mfuko mmoja, kwa sababu mbao zikikauka kupita kiasi hupasuka. Silika ikishiba, ikaange kwenye sufuria kavu juu ya makaa ya moto mdogo ukiikoroga, mpaka rangi irudi. Sufuria hiyo isipikiwe tena, kwani baadhi ya rangi za vidonge hivyo ni sumu. Mchele mnaoambiwa mtie kwenye kasha, upikeni mle. Unavuta unyevu kidogo mno.

Jua ni mwiko. Gundi ya daraja hulegea kwa joto, na buti la gari lililoachwa juani Malindi mchana linatosha kulibandua. Chumba chenye kiyoyozi nacho kina hila yake: gitaa likitoka kwenye ubaridi na kuingia kwenye hewa ya bahari hutokwa jasho. Liache ndani ya kasha lililofungwa kwa saa nzima kwanza.

Likishakauka ndipo uangalie shingo. Bana uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, tazama mwanya uliobaki juu ya freti ya 7. Milimita 0.2 hadi 0.3, unene wa kadi nyembamba ya jina, ndio unaotakiwa. Ukizidi, zungusha chuma cha ndani ya shingo kwa kufuata mshale wa saa, robo mzunguko tu, uache mpaka kesho yake upime tena. Wenye haraka hukata chuma hicho, na kukitoa ni kazi ya fundi seremala hodari.

Nyuzi za shaba hufa haraka kwa chumvi. Unene wa inchi 0.012 hadi 0.053 unafaa roki ya mizizi. Wenye vidole laini washuke hadi 0.011. Nawa mikono kabla ya kupiga, hasa ukitoka kwenye samaki au mafuta ya nazi, na ukimaliza pitisha kitambaa kikavu cha pamba chini na juu ya kila uzi. Usivalishe nyuzi mpya saa ile ile ya kurekodi. Zivalishe siku moja kabla, zivute kwa vidole, uzikaze upya mara kadhaa, uzipigie kwa muda wa saa 3 au 4. Mtindo huu hauhitaji ule mng'ao wa nyuzi za dukani. Ukiupata utakaa wiki nzima ukiupunguza kwenye kuchanganya sauti. Na kama albamu ina nyimbo 10, badilisha nyuzi kila baada ya nyimbo 2 au 3, si mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni, ili wimbo wa 9 usisikike umetoka gitaa jingine.

Maiki ya gitaa isitazame tundu. Tunduni hewa ya ndani huvuma karibu na hezi 100, na utapata uzito usio na maneno. Iweke sentimeta 25 hadi 30 mbele ya freti ya 12, ielekee pale shingo inapoungana na mwili. Ukitaka mwili zaidi sogeza maiki kuelekea tunduni kwa upana wa vidole viwili, usikilize, usogeze tena. Vidole viwili vinabadilisha kuliko ikwalaiza yoyote, ile ya kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba.

Maiki za kondensa, zile zinazotaka umeme wa volti 48, hutoa mlio wa kupasukapasuka zikipata unyevu. Zikifanya hivyo si lazima zimeharibika. Zifungie ndani ya kopo la plastiki lisilopitisha hewa pamoja na gramu 50 za silika usiku mmoja, halafu uzijaribu.

Treki nne tu

*Nina intafesi ya njia 4 na kompyuta ya zamani. Je, inawezekana albamu kamili, au nitajiaibisha? — Langoni, Lamu*

Inawezekana. Bruce Springsteen, mwimbaji wa roki wa Marekani, alirekodi albamu yake Nebraska, ya mwaka 1982, nyumbani huko New Jersey kwa mashine ya kaseti ya treki 4 na maiki 2. Alikusudia iwe sampuli ya kuwaonyesha bendi, lakini bendi ilipoipiga upya studioni haikufikia, kaseti ikawa ndiyo albamu. Mfano huo una upande wa pili ambao hausemwi sana: mafundi walihangaika mno kuihamisha kaseti ile iwe sahani ya santuri, kwa sababu haikurekodiwa kwa kukusudia hivyo. Wewe kusudia tangu mwanzo.

Weka programu kwenye biti 24 na hezi 48,000. Kilele cha sauti kisipite desibeli 12 chini ya sifuri. Katika biti 24 hupotezi kitu kwa kurekodi chini, ila ukigusa sifuri mlio unakatika na haurudi. Treki moja inakula karibu megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye treki 4 ni megabaiti 138, na ukiupiga mara 5, nyimbo 10, tayari ni gigabaiti 7. Ziwe diski mbili, moja ikilala nyumba nyingine. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, programu nyingi hubakisha faili la sauti lakini husahau mpangilio, basi hifadhi kila baada ya pigo jema.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, ni hezi 50 za umeme wetu. Chomoa chaja ya kompyuta kwanza, urekodi kwa betri. Mara nyingi ndiyo mwisho wa shida. Ukibaki, chomeka vifaa vyote kwenye kebo moja ya upanuzi yenye pini ya ardhi inayofanya kazi kweli, na waya za maiki zisilale sambamba na waya za umeme. Zikikutana, zikatizane kama msalaba.

Bendi chini ya makuti

*Sisi ni wanne: gitaa la umeme, besi, drami, kayamba. Mmoja wetu anaimba. Tuna maiki 5 na intafesi ya njia 8. Banda letu ni la makuti, Malindi. Prodyusa mmoja anatutaka turekodi mmoja mmoja, tuongozwe na mapigo ya metronomu. Sisi tukipiga mmoja mmoja wimbo unapoa. — Bendi, Malindi*

Prodyusa wenu ana haki kwa muziki wa kompyuta. Kwa mtindo huu pigeni pamoja, sauti ya mwimbaji pekee ndiyo irekodiwe baadaye.

Makuti ni rafiki. Hayarudishi sauti nyembamba, hayalingani popote, na sauti inayobaki hupotelea juu. Ubaya wake ni kwamba hayazuii kitu: mvua ikinyesha kazi imekwisha, na upepo ukichakarisha makuti utausikia kwenye kila maiki. Chagueni siku tulivu baina ya kusi na kaskazi.

Drami ipewe maiki 3 kwa njia inayoitwa kwa jina la Glyn Johns, fundi mitambo Mwingereza. Ya kwanza iwe juu ya sneya, ile ngoma ndogo yenye waya chini yake, meta 1, ikitazama chini. Ya pili iwe upande wa kulia wa mpigaji, nje ya ngoma ya sakafuni, juu ya ukingo wake kwa sentimeta 15 hivi, ikiitazama sneya. Ya tatu mbele ya ngoma ya mguu. Siri yote iko kwenye kamba: shikeni ncha moja katikati ya sneya, pimeni hadi maiki ya kwanza, halafu kwa kamba ile ile pimeni hadi ya pili. Umbali ulingane kabisa. Ukitofautiana kwa sentimeta 34, sauti ya sneya itachelewa kwenye maiki moja kwa elfu moja ya sekunde, na hezi 500 na 1,500 zitakatana zenyewe. Sneya inasikika nyembamba, mtu anaanza kuongeza ikwalaiza, inazidi kuwa mbaya. Kamba ni bure.

Spika ya gitaa iwe na maiki sentimeta 10 hadi 15 mbele yake, pembeni kidogo ya kitovu cha spika. Kanuni ya tatu kwa moja iwaongoze: maiki ikiwa sentimeta 30 kutoka kwenye chombo chake, maiki ya jirani iwe angalau sentimeta 90 kutoka kwake. Sauti zitavujiana hata hivyo. Mvujo kidogo ndio unaofanya bendi isikike imo ndani ya chumba kimoja. Hatari yake ni kwamba aliyekosea hawezi kufutwa peke yake, hivyo mkikosea rudieni wote. Besi ichomekwe moja kwa moja, na mpigaji avae hedifoni.

Sasa kayamba, na hapa ndipo albamu yenu itakapokuwa na sura yake au itakosa. Mchakacho wa zile mbegu ndani ya matete unakaa mahali pale pale panapokaa matoazi ya mguu. Vyote viwili vikipigwa nusu-nusu ya pigo, msikilizaji anasikia kelele moja isiyo na umbo. Mwambieni mpiga drami aache matoazi ya mguu kwenye beti, abaki na ngoma ya mguu, sneya na ukingo. Kayamba ishike mwendo. Kwenye kiitikio anaweza kuyarudisha, wimbo ukafunguka. Maiki ya kayamba iwe meta 1 juu, ikiinama, isiwe mbele: mbele inapata upepo wa mikono. Kilele cha kayamba ni kikali na kifupi, kiacheni desibeli 18 chini ya sifuri. Kwenye kuchanganya kata kila kilicho chini ya hezi 300, isukume upande mmoja, gitaa likae upande wa pili.

Mkileta chapuo au vumi badala ya drami, kumbukeni ngozi. Usiku wenye umande ngozi hulegea na mlio hushuka ndani ya nusu saa. Jiko la makaa liwe nje ya banda, mbali na makuti, ngoma iote moto kati ya wimbo na wimbo, upande wa ngozi ukiwa sentimeta 50 kutoka kwenye makaa. Ikisikika juu kidogo kuliko mnavyotaka, ndiyo saa ya kuanza.

Metronomu si haramu, ila mingi ya mizunguko ya pwani ni ya sita kwa nane, na programu nyingi huhesabu kwa robo ya nota. Mkitaka mapigo mawili makubwa kwa kila mzunguko, yaende 100 kwa dakika, programu iandikiwe 150, vinginevyo itawapigia mahali pasipo pigo na kayamba itaifuata. Isikieni kwa mizunguko 8 kabla ya wimbo, halafu mzime, mpige wenyewe.

Mizani haikubali roki

*Natunga tarbia, mizani 8 kwa 8. Nikiimba juu ya gitaa la nne kwa nne najikuta nakimbia, sina pa kuvuta pumzi. — Mtunzi wa kike, Lamu*

Dada, tatizo liko pa kuanzia. Ukianza mizani ya kwanza kwenye pigo la 1 na kuzipa zote nusu ya pigo, mizani 8 zinajaza mzunguko wote, na kipande cha pili kinakusubiri mlangoni. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani mizani ya 7. Ifanye hiyo ndiyo iangukie pigo la 1 la mzunguko unaofuata: anza kuimba kwenye pigo la 2. Jaribu na mshororo huu:

*Maji yakupwa mtoni, jahazi lakaa tope.*

Pigo la 1 gitaa peke yake. Pigo la 2 anza "ma-ji", la 3 "ya-ku", la 4 "pwa-m", na "to" inatua kwenye pigo la 1 linalofuata. Irefushe upendavyo, "ni" ifuate, uvute pumzi, kisha kipande cha pili kianze kwenye pigo la 2 la mzunguko baada ya huo. Mshororo mmoja umepata mizunguko minne, na gitaa limepata pa kujibu. Kina cha kati na cha mwisho vyote vinasikika, jambo ambalo taarabu inalijua siku nyingi.

Urefu na ukubwa wa sauti

*Albamu iwe na nyimbo ngapi, na kwa nini wimbo wangu ukipandishwa mtandaoni unasikika mdogo? — Watamu*

Dakika 35 hadi 45, nyimbo 9 hadi 11. Kipimo hicho kilitokana na sahani, dakika 20 hivi kila upande, na masikio bado yanakikubali. Kuhusu ukubwa: Spotify husawazisha nyimbo karibu na LUFS 14 (kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika) chini ya sifuri, Apple Music 16 chini. Ukiubana wimbo hadi 8 wataushusha wao, nawe utabaki na mbano bila ukubwa. Lenga 14 hadi 12, kilele cha kweli desibeli 1 chini ya sifuri, na sneya iachwe iruke. Wimbo unaosikika mdogo baada ya kusawazishwa wakati mwingine una mvumo wa chini ya hezi 40 unaokula nafasi bila kusikika, ukate.

Nani mwenye wimbo

*Mimi ndiye mtunzi, lakini mpiga besi alibuni ule mwanzo unaopendwa na watu. Pia kiitikio kimoja tumekichukua kwenye wimbo wa wazee wa Kigiriama. Tufanyeje kabla ya kutoa? — Malindi*

Andikeni karatasi ya mgao siku hiyo hiyo ya kurekodi: jina la wimbo, nani ametunga maneno, nani sauti, asilimia za kila mmoja zikijumlika 100, sahihi za wote. Rekodi yenyewe iandikwe mbali, kwa kuwa aliyegharamia rekodi ana haki yake tofauti na ya mtunzi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki ya utunzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake, na ya rekodi miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Haki huanza wimbo unapowekwa kwenye maandishi au rekodi, bila kusajili. Hata hivyo kusajili KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ni ushahidi mzuri mkigombana. Katika vyama vya kukusanya malipo ya muziki, kwa muda mrefu MCSK imekuwa ya watunzi, KAMP ya wenye rekodi, PRISK ya waimbaji na wapigaji. Kabla ya kujiunga na chama chochote ulizeni KECOBO kama kina leseni yake ya mwaka huo.

Kile kiitikio cha wazee kina sheria yake, ya 2016, inayolinda maarifa na sanaa za jadi. Kuwa wimbo hauna mtunzi anayejulikana hakuufanyi kuwa wa yeyote. Nendeni kwa wazee wa jamii yenyewe, mpate idhini yao kwa maandishi, na kwenye jalada mtaje wimbo umetoka kwa nani.

Mwisho, kila rekodi ipate namba yake ya utambulisho, ISRC, tarakimu na herufi 12, kabla haijapandishwa popote. Wasambazaji wengi wa mtandaoni huitoa wenyewe mkipakia. Mkihamia kwa msambazaji mwingine, peleka namba ile ile ya zamani. Mkikubali mpya, hesabu ya wasikilizaji huanza tena sifuri.